SANDUKU LA AKINA MAMA WA MARADI



Karibu kila kijiji kina mradi uliokufa. Pengine ni mashine ya kusaga iliyoletwa na wafadhili. Siku ya kuizindua alichinjwa ng'ombe, ngoma zikapigwa, wageni wakapiga picha. Baada ya mwaka mkanda ukakatika. Nani anunue mkanda mpya? Wanakijiji wakasema, "Aa, mashine si yetu, ni ya wale wageni." Wageni nao walikwisha kwenda zao. Leo kuku wanataga chini yake.

Lakini upo msaada wa namna nyingine, na huo ndio tunaotaka kuueleza. Ni habari za shirika lililokwenda kwa watu maskini, likawafundisha jambo moja kwa miezi kadhaa, halafu likawaachia wenyewe. Halikuwaachia mashine. Halikutia hata senti moja katika mfuko wao. Hata hivyo jambo lile halikufa. Liliendelea, likavuka mipaka, likafika Unguja na huku kwetu bara. Pengine wewe mwenyewe ni mwanachama, ila hujapata kuambiwa lilikotoka.

NCHI YA UWELE

Iko nchi huko Afrika Magharibi inaitwa Niger. Tusiichanganye na Nigeria. Hizo ni nchi mbili, nazo ni majirani. Niger haina bahari, na sehemu yake kubwa ni jangwa la Sahara. Watu wengi wanaishi upande wa kusini ambako mvua hunyesha kidogo, mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hivi. Huko wanalima uwele na mtama. Mkoa mmoja wa kusini unaitwa Maradi, na wenyeji wake wengi ni Wahausa.

Mvua ikikosekana Niger, watu hufa njaa. Iliwapata katika miaka ya mwanzo ya 1970, ikawapata tena mwaka 1984, na mwaka 2005 Maradi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Lakini hata mwaka mzuri una miezi yake mibaya, yaani ile ya kabla ya mavuno. Ghala ni tupu, na uwele bado uko shambani. Wakulima wenzetu mnaijua miezi hiyo.

Sasa mama mmoja mtoto wake anaugua katika miezi hiyo. Anakwenda kwa mfanyabiashara kukopa. Mfanyabiashara anamwambia, "Nitakupa, ila utanilipa kwa uwele wakati wa mavuno." Bei anapanga yeye. Mavuno yakija, uwele unakwenda kulipa deni wakati bei iko chini kabisa. Baada ya miezi michache ghala ni tupu tena, na mama yule yule anakwenda kununua uwele kwa bei ya juu. Mwaka hadi mwaka anazunguka kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Si kwamba ni mvivu. Wanawake wa Kihausa ni hodari wa biashara ndogo ndogo. Wanakaanga bajia za kunde na kuziuza asubuhi, wanakamua mafuta ya karanga, wananenepesha kondoo wa kuuza wakati wa Idi Kubwa. Kilichokosekana ni fedha kidogo ya kuanzia, na mahali pa kuiweka isiishe.

UPATU NA UPUNGUFU WAKE

Akina mama hao walikuwa na upatu tangu zamani. Kwa Kihausa unaitwa adashi. Sisi tunaufahamu. Watu 20 wanatoa shilingi 2,000 kila juma, na kila juma mmoja anachukua shilingi 40,000 zote. Ni jambo zuri na halihitaji karani wala kitabu.

Lakini upatu una mambo mawili yanayouma. La kwanza ni zamu. Ikiwa zamu yako ni juma la 17, na mtoto akaugua juma la tatu, utafanyaje? Utawabembeleza wenzio, na wakikataa utarudi kule kule kwa mfanyabiashara. La pili, fedha ya upatu haizai. Uliyoitoa ndiyo utakayoipata, haizidi hata senti.

Mwaka 1991 shirika la CARE lilikuwa likifanya kazi Maradi. CARE ni shirika lisilo la kiserikali, tena halifanyi biashara ya kupata faida. Lilianzishwa Marekani mwaka 1945, vita vikuu vya pili vilipokwisha, ili kuwapelekea watu wa Ulaya masanduku ya chakula. Ya kwanza yalifika Ufaransa mwaka 1946. Ndiyo, hata Wazungu wamepata kupanga foleni ya chakula cha msaada. Si vibaya tukilikumbuka hilo.

Katika watumishi wa CARE huko Maradi alikuwamo mama mmoja kutoka Norwei, jina lake Moira Eknes. Yeye na wenzake hawakusema, "Hawa ni maskini, tuwaletee mikopo." Waliutazama ule upatu wa akina mama wakajiuliza: je, ukirekebishwa kidogo? Fedha isigawiwe kila juma, bali ikae pamoja. Mwenye shida au mwenye biashara akope humo, arudishe na ziada. Mwisho wa mwaka wote wagawane. Vikundi hivyo wakaviita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu.

Mkufunzi alifika kijijini mikono mitupu. Tunadhani hapo ndipo palipo na kiini cha jambo zima. Kwanza wapo walioshangaa. Shirika la wageni, na halikuleta kitu? Yeye aliwafundisha kuchagua viongozi, kutunga kanuni, kuweka akiba, kukopeshana na kugawana. Mwanzoni alikuja mara kwa mara, baadaye akaja mara chache, mwisho akaacha kuja.

KUWEKA HESABU KICHWANI

Wengi wa akina mama wale hawakujua kusoma wala kuandika. Sasa hesabu ziliwekwaje? Ziliwekwa kichwani! Kila mwanamke alitoa kiasi sawa na wenzake, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Kila jambo la fedha lilifanywa katikati ya duara, mbele ya macho ya wote. Fedha ikihesabiwa, inahesabiwa kwa sauti. Mkutano ukifungwa, wote wanakariri kiasi kilichobaki sandukuni. Juma linalofuata, kabla sanduku halijafunguliwa, wanachama wanaulizwa: tuliacha kiasi gani? Wanajibu. Ndipo linafunguliwa, fedha inahesabiwa, ionekane kama ni sawa.

Hebu fikiri. Mwizi wa kalamu atapitia wapi hapo? Katibu hawezi kufuta tarakimu iliyoandikwa katika vichwa vya watu 20.

Sisi tuliohitimu kisomo tusije tukawacheka. Ila njia hiyo ina mwisho wake. Watu wakitaka kuweka akiba viwango mbalimbali, huyu kidogo, yule zaidi, kichwa kinazidiwa. Ndiyo maana vikundi vya siku za baadaye, pamoja na vya kwetu, vinatumia hisa na vitabu. Kila mwanachama ana kitabu chake kidogo. Akinunua hisa, anagongewa muhuri mbele ya wote, muhuri mmoja kwa kila hisa. Katika vikundi vingi mtu anaruhusiwa hisa moja hadi tano kwa mkutano, asizidishe, ili mwenye nacho asije akakimeza kikundi.

Na hapa tuseme wazi. Kikundi ambacho katibu peke yake ndiye ajuaye kusoma kiko hatarini kuliko kile cha Maradi ambacho hakuna aliyejua. Kule wote walikuwa sawa. Hapa mmoja ana macho na wengine wanaongozwa. Kama umejifunza kusoma ukubwani, kazi mojawapo ya elimu yako ni kulifungua daftari la kikundi na kuuliza, "Hii 5,000 ni ya nini?"

TUFANYE HESABU PAMOJA

Chukua kalamu. Tuseme kikundi kina watu 20. Bei ya hisa moja ni shilingi 1,000. Tuseme kila mtu ananunua hisa mbili kila juma, kwa majuma 50.

Hisa zote ni 20 mara 2 mara 50. Jibu ni hisa 2,000. Fedha yake ni shilingi 2,000,000.

Katika mwaka huo watu wamekopa na kurudisha, tena na tena. Anayekopa anarudisha na ziada kidogo. Kule Maradi ziada ilikuwa kwa kawaida 10 kwa kila 100 kwa mwezi. Utasema ni kubwa, na kweli ni kubwa. Lakini haiendi benki wala haimtajirishi tajiri wa mjini. Inarudi sandukuni, nawe mkopaji una fungu lako humo. Waislamu wengine hawataki ziada kwa sababu dini imekataza riba. Kikundi kina uhuru wa kukubaliana vingine, hata kukopeshana bila ziada yoyote.

Tuseme kwa mwaka ziada imefika shilingi 400,000. Sasa sanduku lina 2,400,000. Gawanya kwa hisa 2,000. Kila hisa sasa ni shilingi 1,200. Mama aliyekuwa akinunua hisa mbili kila juma ana hisa 100. Aliweka 100,000, anaondoka na 120,000. Kama alikopa pia akakaanga bajia, faida ya bajia iko nje ya hesabu hii.

Mikopo nayo ina mipaka. Vikundi vingi haviruhusu mtu kukopa zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na mkopo mrefu ni wa miezi mitatu. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu ambao si viongozi, na sanduku linakaa nyumbani kwa mtu mwingine asiye na ufunguo. Atakayetaka kuiba itambidi awashawishi watu wengi.

Kwa nini fedha yote igawiwe mwisho wa mwaka? Wengine wanaona ni hasara, eti kikundi kinavunjwa. Lakini siku ya kugawana ndiyo siku ya ukweli. Daftari linasema kuna 2,400,000, basi na ziwekwe mkekani tuzione. Udanganyifu hauwezi kuwekwa kiporo miaka mitano. Aliyechoka anatoka na chake bila ugomvi. Wanaobaki wanaanza upya. Tena kikundi kinapanga chenyewe siku hiyo iangukie wakati wa shida, kabla ya Sikukuu, au wakati wa kununua mbegu, au karo inapodaiwa.

FEDHA MOTO NA FEDHA BARIDI

Wakufunzi wa vikundi hivi wana msemo kwamba kuna fedha moto na fedha baridi. Fedha moto ni ile unayoijua ilikotoka. Ni ya jirani yako, aliikosea usingizi. Usipoirudisha, kesho utakutana naye kisimani. Fedha baridi ni ile iliyotoka mbali, kwa mfadhili, au kwa mtu anayetafuta kura. Hiyo haina uso. Watu huikopa wakisema moyoni, "Hata nisiporudisha, nani ataumia?"

Ndiyo maana mkufunzi wa Maradi alikuja mikono mitupu. Haikuwa ubahili. Vikundi vingi vilivyokuwa imara vimevunjika baada ya kutiliwa fedha nyingi za nje kabla havijazoea kusimamia zao. Hatusemi mikopo ya nje ni haramu. Kikundi kilichogawana mara mbili tatu bila ugomvi kinaweza kufikiria. Lakini kikundi kilichoundwa kwa sababu kimesikia kuna fedha zinakuja, hicho si kikundi, ni foleni.

SHIRIKA LIKIONDOKA

Kule Niger, ili jambo lisiendelee kutegemea watumishi wa shirika, walifundishwa wanavijiji wenyewe kuwa wakufunzi. Kikundi kipya kilimlipa mkufunzi wake kidogo kwa kazi yake. Katika muda wa miaka 10 hivi wanachama walizidi 150,000. Leo vikundi vya namna hii viko katika nchi nyingi za Afrika, na wanachama wake ni mamilioni.

Unguja jambo hili lilifika karibu na mwaka 2000, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, kule wanakoishi kima punju. CARE ilikuwa ikisaidia kuhifadhi msitu. Lakini huwezi kumwambia mtu asikate kuni kama hana njia nyingine ya kupata fedha. Hivyo wakafundishwa kuweka na kukopa. Kazi hiyo ya kufundisha ilikwisha mwaka 2002. Watafiti walipokwenda kutazama mwaka 2006, walikuta vikundi vinaendelea, na idadi ya wanachama imeongezeka sana, wakati hakukuwa tena na shirika la kuwasukuma. Watu walikuwa wamefundishana. Huku bara vikundi kama hivyo vilienea zaidi kwa jina la VICOBA.

Mashine ya kusaga inahitaji mkanda. Sanduku hili linahitaji juma moja lifuate jingine, na watu waje.

WASIOFIKA KWENYE DUARA

Tusiseme mazuri tu. Watafiti wamelipima jambo hili kwa uangalifu, wakilinganisha vijiji vyenye vikundi na vijiji visivyo navyo. Huko Mali, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, waliona kwamba kwenye vikundi watu walipungukiwa chakula kidogo kuliko wengine, na mifugo yao iliongezeka. Utafiti mwingine, wa Ghana, Malawi na Uganda, uliotolewa mwaka 2017, uliona akiba imeongezeka, biashara zimekua kidogo, na wanawake wamepata sauti zaidi nyumbani. Lakini matumizi ya nyumbani kwa jumla hayakubadilika. Kwa maneno mengine, sanduku linakusaidia usianguke shimoni. Kukufanya tajiri ni jambo jingine.

Tena wako watu ambao hawafiki hata kwenye duara. Mjane asiye na shamba, mlemavu asiye na ndugu, mama anayefanya kibarua ili ale siku hiyo hiyo. Hana hata ile shilingi 1,000. Wenzake nao wanaogopa kumchukua, wanadhani atashindwa kulipa. Mara nyingi yeye mwenyewe hajitokezi, anaona haya.

Kwa watu kama hao, nchini Bangladesh shirika linaloitwa BRAC lilianza njia nyingine mwaka 2002. Lenyewe linatoa kitu kwanza. Mama maskini kabisa anapewa ng'ombe au mbuzi, anapewa posho kidogo ili asilazimike kumuuza mnyama huyo kwa njaa, na kwa miaka miwili mwalimu anamtembelea nyumbani na kumfundisha kutunza mnyama na kuweka akiba. Kisha anaachwa aendelee mwenyewe. Njia hiyo ilipimwa katika nchi sita nyingine, na majibu yake yalitolewa mwaka 2015. Kwa jumla ilifaa. Ila huko Honduras wengi walichagua kuku, ugonjwa ukawashika, kuku wakafa, na watu wakarudi walipokuwa. Mfugaji yeyote wa kuku atawaelewa.

Kwa hiyo mashirika haya mawili yamefanya tofauti, na tunaona yote mawili yana haki. Mwenye mikono na kijibiashara mfundishe kuweka, usimpe. Asiye na kitu kabisa mpe kwanza, halafu umfundishe. Kosa ni kumpa wa kwanza dawa ya wa pili. Kosa hilo ndilo lililojaza mashine mbovu vijijini.

KWA WANAOTAKA KUANZA

Watu 15 hadi 25 wanatosha. Chagueni watu mnaojuana, wanaokaa karibu. Msichukue mtu kwa cheo chake. Hisa iwe na bei ambayo mwanachama maskini kuliko wote ataweza kuilipa hata mwezi mbaya. Hapo ndipo vikundi vingi vinapokosea, kwa kupanga bei siku ya mavuno. Tungeni kanuni na faini kabla ya kuweka senti ya kwanza, maana mkizitunga baada ya ugomvi hazitakubaliwa.

Kwa hapa Tanzania ipo pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nayo inataka vikundi kama hivi viandikishwe. Ofisa maendeleo ya jamii atawaeleza taratibu za halmashauri yenu. Msiogope kumwendea.

Jambo moja bado linasumbua vikundi vingi, nalo ni majuma ya mwisho kabla ya kugawana. Sanduku limejaa, kijiji kizima kinajua, na mwizi naye anajua. Wengine wanapeleka fedha benki au kuziweka kwenye simu, lakini benki iko mbali na simu ina makato. Wengine wanaacha kupokea akiba mwezi wa mwisho na kuzikopesha zote, ili sanduku likae tupu mpaka siku yenyewe. Kikundi chenu kinafanyaje? Tuandikieni barua, hata iwe fupi, tuwasomee na wenzenu wa vijiji vingine.